Kalamu, Sindano na Faili: Safari ya Darizi hadi Mashine ya Nyumbani

Neno darizi, au tarizi kama wanavyolitamka wengine, ni katika maneno yaliyoingia Kiswahili kwa mlango wa biashara yakakaa kama wenyeji. Kwa Kiarabu, asili yake ni kutia nguo nakshi kwa uzi. Na Waarabu nao walilitwaa kutoka Kiajemi. Zama za makhalifa wa Abbasi na wa Fatimi, jina tirazi lilitumika kwa utepe wenye maandishi uliofumwa au kudariziwa kwenye mavazi ya heshima. Utepe huo ulibeba jina la mtawala na dua ya kumwombea, na mara nyingi ulitaja pia mwaka na mji wa karakana ulikotengenezewa. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliitaja tirazi miongoni mwa alama za ufalme, pamoja na sarafu na muhuri.

Darizi, basi, ni ndugu wa maandishi tangu zamani. Na penye maandishi hapakosi swali la nani aliyetunga, nani aliyenakili, na nani aliye na haki ya kitabu. Mtu wa pwani anayesimama leo dukani akilinganisha mashine mbili za kudarizi za nyumbani, na programu ya kompyuta ya kwenda nazo, hudhani kuwa mbele yake pana suala la bei na ukubwa tu. Ukweli ni kwamba amesimama mwishoni mwa njia ndefu, na kila kitufe cha mashine ile kina historia yake. Aijuaye historia hiyo huchagua kwa urahisi zaidi.

Mchoraji na mshonaji

Kofia nyeupe ya mkono, inayovaliwa kutoka Lamu hadi Ngazija, huundwa kwa vipande viwili: kipande kirefu kinachozunguka kichwa, na kipande cha juu chenye umbo la yai. Katika kofia ya viua, uzuri wote umo katika matundu. Kiua ni tundu dogo lililodungwa kwenye kitambaa na kuzungushiwa uzi ukingoni ili lisifumuke. Viua hupangwa kwa mamia mpaka vikafanya majani, mawimbi, nyota au maua. Kofia moja hula majuma, na iliyo nzito hula miezi, kwa kuwa mshonaji aghalabu ni mwanamke aishikaye kazi hiyo baina ya shughuli nyingine za nyumbani.

Jambo linalosahauliwa mara kwa mara ni kwamba kabla ya sindano hutangulia kalamu ya risasi. Mchoro hutiwa kwanza juu ya kitambaa, na anayechora si lazima awe ndiye anayeshona. Wako watu wanaojulikana mtaani kwa mkono wao wa kuchora, ambao hupelekewa kitambaa kitupu wakakirudisha na mchoro, kisha wengine wakashona. Kwa hiyo kazi ya kubuni na kazi ya kutekeleza zilikuwa zimeshagawanyika pwani kabla mashine yoyote ya kudarizi haijafika. Mashine haikuleta mgawanyiko huo, iliukuta. Ilichofanya ni kumwondoa mshonaji mahali pake, na kumwacha mchoraji na kalamu yake akisubiri kuambiwa kazi yake mpya.

Mashine iliyoazima mkono

Mashine ya kwanza ya kudarizi iliyofaa kwa kazi ilibuniwa mwaka 1828 na Josua Heilmann, katika mji wa Mulhouse, jimbo la Alsace, Ufaransa. Sindano zake zilikuwa na ncha mbili na tundu katikati, na zilivutwa upande huu na upande wa pili kwa koleo ndogo, kana kwamba wanawake wawili wamekaa mbele na nyuma ya kitambaa kimoja wakipokezana. Mwendeshaji alikuwa na mchoro mkubwa, uliokuzwa mara sita, umebandikwa ubaoni. Kwa mkono mmoja alifuatisha mchoro huo kwa ncha ya kifaa cha kunakilia, na fremu yenye kitambaa ikasogea kwa kipimo kidogo kulingana na mkono wake.

Katika mashine hiyo kitambaa ndicho kilichotembea. Sindano zilibaki pahali pake, zikiingia na kutoka. Mshonaji wa mkono hufanya kinyume: hukishika kitambaa na kuitembeza sindano. Mgeuko huo wa mwaka 1828 haujabadilika hadi leo. Mashine ya nyumbani inayouzwa sasa hufanya vilevile: mkono wa mashine husogeza fremu mbele, nyuma na pembeni, na sindano hupanda na kushuka palepale. Ndiyo maana swali la kwanza katika kununua mashine ni ukubwa wa uwanja ambao fremu yake inaweza kuutembea.

Mwaka 1863, Isaak Gröbli wa Uswisi aliichukua fikra ya cherehani ya kawaida, yenye nyuzi mbili, akaiingiza katika mashine ya kudarizi. Uzi wa chini aliuweka ndani ya kijumba chenye umbo la chombo cha baharini, na kwa Kijerumani cha Uswisi mashine ikaitwa schiffli, yaani kijahazi. Vijahazi hivyo viliifanya St. Gallen na vijiji vyake kuwa makao makuu ya darizi duniani, hata mwanzoni mwa karne ya 20 darizi ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa kabisa ambazo Uswisi iliziuza nje. Mwaka 1898 mwanawe, Joseph Gröbli, alimwondoa hata yule mwendeshaji wa kufuatisha mchoro. Badala ya mkono wake aliweka karatasi ya kadi iliyotobolewa. Kila safu ya matundu iliiamrisha fremu iende wapi na kwa kiasi gani.

Haya ni matundu ya pili katika habari hii. Ya kwanza yalikuwa viua, ambavyo ni nakshi yenyewe. Haya ya kadi ni amri ya kutengeneza nakshi. Kuanzia hapo mchoro ukawa kitu kinachoweza kuhifadhiwa kabatini, kuuzwa, kuibwa na kurudiwa mara elfu bila mchoraji wake kuwapo.

Kando ya mashine hizo kubwa, ilizaliwa nyingine iliyomwachia fundi uhuru wake. Mwaka 1865 Bonnaz wa Ufaransa alibuni mashine ya mshono wa mnyororo, iliyokuja kujulikana kwa jina la Cornely, ambayo fundi huiongoza kwa mpini uliopo chini ya meza. Nao mafundi wa cherehani za kawaida duniani kote waligundua kwamba wakiyatuliza meno yanayosukuma kitambaa, wanaweza kukiongoza kwa mikono yao na kuandika kwa uzi wapendavyo. Katika njia hiyo mchoro ungali umo kichwani mwa fundi na mikononi mwake. Hakuna kadi, na hakuna kinachobaki fundi akiondoka.

Kutoka kadi hadi kompyuta

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Melco ya Marekani ilianza kuunganisha darizi na kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Wilcom ya Sydney, Australia, ilitoa programu ya kuchorea michoro ya darizi kwenye kioo cha kompyuta. Wajapani, hasa Tajima, walijaza viwanda vya dunia kwa mashine za vichwa vingi vinavyoshona mchoro mmoja kwa pamoja. Kisha mwaka 1990 Janome, nayo ya Japani, ikatoa Memory Craft 8000, mashine ya kudarizi iliyokusudiwa kukaa juu ya meza ya nyumbani. Brother, Bernina, Pfaff, Husqvarna na Singer zilifuata njia hiyo. Michoro ilikuja kwanza kwa kadi za kumbukumbu, baadaye kwa diski, na sasa kwa kidude cha USB au kwa mawimbi bila waya.

Jambo lililochukua majengo mazima huko St. Gallen sasa laweza kufanyika ukumbini. Lakini je, litafanyika kwa mashine ipi?

Kupima kwa kofia

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu mashine hizi umetungwa kwa ajili ya watu wanaodarizi majina kwenye taulo. Anayekusudia kofia apime kwa kofia. Tuseme kichwa kina mzunguko wa sentimita 57. Kipande cha pembeni kitakuwa na urefu huo. Mashine ndogo za nyumbani zina uwanja wa milimita 100 kwa 100. Kwa hizo, kipande kitagawanywa mara sita, kila sehemu sentimita 9 na nusu. Zile za kati, zenye milimita 130 kwa 180, zitakigawanya mara nne, kila sehemu ikiwa sentimita 14 na robo. Kila mgawanyo maana yake ni kufungua fremu, kusogeza kitambaa, kukibana upya na kupatanisha alama. Mkono ukiteleza milimita moja, jicho litaona.

Hata hivyo, mgawanyo wenyewe si adui. Nakshi ya kofia hujirudia, na msomaji wa mashairi ameshazoea kitu kirefu kinachokatwa kwa vipande sawasawa bila kuvunjika. Mshororo wa mizani 16 hukatika katikati, nane kwa nane, na kina huficha kiungo. Kadhalika mchoraji mwerevu huupanga mchoro ili mwisho wa sehemu uangukie mahali ambapo jani limekwisha au duara limefunga. Taabu huja pale sehemu inapokatwa kwa kufuata fremu bila kujali nakshi.

Kipande cha juu ndicho kigumu. Kwa mzunguko wa sentimita 57, yai la kichwa hukaribia sentimita 20 kwa 16. Halienei katika uwanja wa 130 kwa 180. Mwenye kutaka kulidarizi kwa mkupuo mmoja anahitaji mashine yenye uwanja wa milimita 200 kwa 280 au unaokaribia huo, na hapo bei hupanda sana. Na ajihadhari na neno fremu. Zipo fremu ndefu zinazouzwa kwa mashine ndogo, zinazobanwa katika nafasi mbili au tatu. Fremu ni kubwa, lakini uwanja unaoshonwa kwa mara moja hubaki uleule wa 100 kwa 100.

Upo upande ambao kofia humrahisishia mnunuzi. Wauzaji huzisifia mashine zenye sindano sita au kumi, ambazo hubadili rangi zenyewe. Kwa nguo ya rangi nyingi sifa hiyo ni ya haki. Lakini kofia nyeupe yenye uzi mweupe, au wa rangi moja ya maziwa au dhahabu, haibadili rangi hata mara moja. Sindano moja inatosha, na fedha iliyookolewa ni bora iende kwenye uwanja mpana. Mbio nazo zisimtie mtu tamaa. Mashine ya mishono 650 kwa dakika humaliza mchoro wa mishono 13,000 kwa dakika 20. Muda mrefu zaidi hupotea katika kubana kitambaa na kufuta makosa.

Ama kiua, mashine ya nyumbani inakijua nusu tu. Baadhi ya mashine za viwandani zina kisu cha kutobolea kitambaa kabla ya kukizungushia uzi. Za nyumbani kwa kawaida hazina. Zitashona duara la uzi mnene, na kazi ya kutoboa itabaki kwa binadamu, ama kabla, kwa sindano nene, ama baada, kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo maana kofia ya mashine hutambulika hata na mtoto: viua vyake vimefumba macho. Mwenye kutaka kofia ya kweli atalazimika kuiachia mashine majani na mistari, na kuviweka viua chini ya mkono.

Yapo na mambo madogo yasiyo madogo. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani aghalabu hutumia umeme wa volti 120, na umeme wa majumbani Tanzania na Kenya ni baina ya volti 230 na 240. Ikichomekwa bila kibadilishi huungua. Panapokatika umeme mara kwa mara, ichaguliwe mashine inayokumbuka ilipokuwa imefika. Na fundi wa kuirekebisha awe anafikika bila kupanda ndege.

Programu, na hasara ya tafsiri

Mashine ikishachaguliwa, hubaki lugha yake. Kila kampuni ilibuni muundo wake wa faili: Brother husoma PES, Janome JEF, Husqvarna Viking na Pfaff husoma VP3, na Tajima ilitoa DST, ambao viwanda vingi vinauelewa. Programu isiyoweza kuandika muundo wa mashine iliyopo ni kama barua nzuri iliyopelekwa kwa asiyesoma hati hiyo. Basi kabla ya kulipa, muundo wa mashine utazamwe kwanza, kisha programu.

Lakini kuandika muundo ni hatua ya mwisho tu. Faili za darizi ni za namna mbili, na tofauti yao huamua mengi. Faili la mishono lina orodha ya nukta ambazo sindano itashuka: sogea kulia kiasi hiki, juu kiasi hiki, kata uzi. Katika DST kila hatua hupimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, na hatua moja haiwezi kuzidi milimita 12.1. Faili hilo halijui kwamba linashona jani. Hata rangi halizijui. Hujua tu kwamba hapa mashine isimame, uzi ubadilishwe. Likikuzwa bila kukokotolewa upya, mishono huachana na kitambaa huonekana katikati yake. Faili la asili, ambalo mchoraji alilifanyia kazi, linajua umbo la jani, mwelekeo wa uzi ndani yake na nafasi baina ya mshono na mshono. Likikuzwa, hujipanga upya.

Kulipata faili la asili kutoka katika faili la mishono ni kama kumtaka mtu aliyehifadhi shairi kwa sauti tu, katika lugha asiyoijua, alieleze. Atalitamka vizuri. Kubadilisha neno moja hawezi. Wafasiri wanaijua hasara hii: kinachovuka upande wa pili ni kile ambacho lugha pokezi ina mahali pa kukiweka, na kilichobaki hakionekani kuwa kimebaki.

Kwa hiyo programu ihukumiwe kwa maswali mawili. Je, inamruhusu mtu kuchora mwenyewe, au inageuza tu faili za wengine? Na je, faili la asili litafunguka siku ambayo leseni imekwisha? Programu kubwa za kulipia, kama Wilcom na PE-Design ya Brother, zina uwezo mwingi, na faili zao za asili huhitaji programu zenyewe. Ink/Stitch ni ya bure, hufanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea ambayo nayo ni ya bure, na huhifadhi mchoro katika SVG, muundo ulio wazi usiomilikiwa na mtengeneza mashine yeyote. Inataka subira kujifunza, lakini huandika PES, JEF, VP3, DST na mingine mingi.

Ama zile amri za kugeuza picha kuwa mishono kwa kubonyeza mara moja, kwa kofia ya viua hazifai. Kompyuta huona weusi na weupe. Haijui kipi ni tundu na kipi ni ukingo. Mchoraji wa kalamu ya risasi anajua. Kazi yake mpya, aliyokuwa akiingojea tangu mwaka 1898, ndiyo hii: akae mbele ya kioo, apange mishono kwa jicho lake lilelile.

Mali na daftari

Mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika utawala Omani, wengi waliokuwa na asili ya huko walirejea kutoka Afrika Mashariki, na vazi la kichwa lenye viua, ambalo huko huitwa kuma, leo ni sehemu ya vazi la taifa. Sokoni kuma za mkono hukaa kando ya kuma za mashine zilizotengenezwa viwandani Asia, na tofauti ya bei ni kubwa. Kofia za viwandani nazo zimerejea pwani, zikiuzwa kwa watu ambao bibi zao walikuwa wakichora nakshi za namna hiyo. Faili za mishono yake ziko mbali, na hakuna jina la mchoraji ndani yake.

Pwani si ngeni wa kazi kuchapwa ng'ambo. Leso zenye alama ya Mali ya Abdulla za Mombasa zilipelekwa kuchapwa nchi za mbali, lakini jina na alama vilibaki vya mwenyewe. Tofauti ya kofia ni kwamba nakshi zake ziliishi kwenye kitambaa, kalamu ya risasi ikafuliwa, na hapakuwa na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine ya nyumbani, ambayo wengi huilaumu kuwa ndiyo iliyoua kofia ya mkono, ndiyo pia chombo cha kwanza cha bei ya mtu wa kawaida kinachoweza kuweka daftari hilo.

Litawekwa iwapo mnunuzi atachagua programu inayochora, akahifadhi faili la asili katika muundo ulio wazi, pamoja na nakala ya pili mahali pengine. Na ndani ya faili hilo pana nafasi ya maandishi. Patiwe jina la nakshi kama linavyotajwa mtaani, mwaka, mji, na jina la aliyechora, kama walivyofanya mafundi wa tirazi. Isipokuwa safari hii jina lisiwe la mfalme.